Kadi ya mtandao inayokwenda mwendo wa kobe kwenye kompyuta ya zamani

Nakili faili kubwa, tuseme la gigabaiti 2, kutoka kompyuta moja kwenda nyingine kwenye swichi ileile, kisha tazama kasi. Ikiganda kwenye megabaiti 11 kwa sekunde, haipandi wala haishuki, kiungo kimekubaliana megabiti 100 kwa sekunde (baiti moja ni biti nane) na hapo ndipo dari yake ilipo. Ikicheza kati ya 40 na 60, kiungo ni cha gigabiti lakini kuna kitu ndani ya kompyuta kinachoshindwa kumeza kwa kasi hiyo. Ikianza vizuri kisha ikaporomoka hadi kilobaiti, ikasimama, ikajivuta tena, washukiwa wa kwanza ni waya, au pande mbili zisizoelewana.

Namba hizo tatu zinaokoa pesa. Kompyuta nyingi tunazotumia kwenye stesheneri, shule na ofisi ndogo ni za mtumba, zilishafanya kazi miaka mingi kwenye maofisi ya Ulaya kabla ya kufika kwetu. Mtandao ukizubaa, jibu la haraka ni "badilisha kadi". Kadi hufa kweli, hasa msimu wa radi, ila nyingi zinazotupwa ni nzima.

Tatizo la kunakili faili ni kwamba linapima mambo mengi kwa pamoja. Diski ya kuzunguka ya laptop ya mwaka 2006 husoma megabaiti 30 hadi 50 kwa sekunde, kwa hiyo 40 unayoiona inaweza kuwa kasi ya diski, na kadi haihusiki kabisa. Ili kupima mtandao peke yake, weka iperf3, programu ya kupima kasi ya mtandao, kwenye mashine zote mbili. Kwenye ya kwanza andika:

iperf3 -s

Kwenye ya pili, ukiweka anwani ya IP ya ile ya kwanza:

iperf3 -c 192.168.1.10

Acha sekunde 10 ziishe, kisha rudia amri hiyohiyo ukiongeza -R mwishoni ili data irudi upande wa pili. Usiruke kipimo cha pili, utaona hapa chini kwa nini. Amri ikigoma kuunganisha, faiawoli ya Windows imeziba poti 5201, ifungulie.

Kiungo kizima cha megabiti 100 hutoa megabiti 94 kila upande, na cha gigabiti hutoa 940 hivi. Pengo hilo si ubovu. Kila paketi kubwa hutumia baiti 1538 kwenye waya, na kati yake baiti 1448 tu ndizo data yako. Zilizobaki ni anwani, ukaguzi na nafasi ya kupumua kati ya paketi moja na nyingine. Ukipata 94.1, acha kutafuta kosa kwenye kiungo hicho.

Pande mbili zimekubaliana nini?

Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika ncpa.cpl, kisha bofya muunganisho mara mbili na usome mstari wa kasi. Kuanzia Windows 8, amri ya PowerShell Get-NetAdapter inakuonyesha kadi zote kwa mara moja. Kwenye Linux tafuta jina la kadi kwa ip link (hapa mfano ni enp3s0), kisha:

sudo ethtool enp3s0

Soma mistari ya Speed na Duplex, halafu panda juu kidogo kwenye orodha ya kasi ambazo upande wa pili umejitangazia. Orodha hiyo wengi hawaiangalii, nayo ndiyo inayosema ukweli. Ikiwa haina 1000baseT/Full, swichi au ruta yako yenyewe ni ya megabiti 100, na kadi ya gigabiti hata ukinunua tatu hazitasaidia. Ikiwa inayo, na kadi yako pia inayo, lakini Speed inasema 100, basi mhukumu waya.

Sababu yake ni hii. Megabiti 100 hutumia jozi mbili tu za waya, zile za pini 1-2 na 3-6. Gigabiti hutumia jozi zote nne, yaani na 4-5 na 7-8. Lakini mazungumzo ya kukubaliana kasi hupita kwenye jozi za 1-2 na 3-6 peke yake. Waya mmoja wa kahawia ukikatika, kadi na swichi zitasalimiana vizuri, zitakubaliana gigabiti, kisha zikijaribu kuwasha jozi zote nne zinakwama. Chipu zenye akili hujaribu mara chache, halafu hushuka zenyewe hadi 100. Kerneli za Linux (kiini cha mfumo) za miaka ya karibuni hukuandikia jambo hilo waziwazi ndani ya dmesg, daftari la matukio ya mfumo: zinataja kwamba kasi imeshushwa na kukutaka ukague kebo. Chipu za zamani zisizojua kushuka hubaki zikiwasha na kuzima taa bila kukoma, na mwenye kompyuta huamini kadi imeungua.

Radi nayo huacha alama ya namna hii. Mara nyingine umeme haui tundu zima, unaua jozi moja. Jaribu kebo hiyohiyo kwenye kompyuta nyingine: ikipata gigabiti huko, kosa liko kwenye tundu la mashine yako, na hapo kadi ya kuchomeka ina maana.

Ncha ya kebo

Chukua plagi ya kebo uitazame kwenye mwanga, klipu ikiwa upande wa chini na waya zikielekea kwako. Mpangilio wa T568B kutoka kushoto ni nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Kosa ninalotaka ulitafute ni la fundi aliyepanga rangi kwa jozi kama zilivyo: chungwa zake mbili, kijani zake mbili, buluu zake mbili, kahawia zake mbili, ncha zote mbili sawasawa. Kipima kebo cha taa nane kitawaka 1 hadi 8 bila kasoro, kwa sababu kila pini imefika inakotakiwa. Lakini pini 3 na 6, ambazo ni lazima ziwe jozi moja iliyosokotwa pamoja, sasa moja ni nyeupe-kijani na nyingine ni buluu. Msokoto ndio unaofuta kelele. Ukiuvunja, jozi moja inaingiliwa na jirani yake, na kadri kebo inavyokuwa ndefu ndivyo makosa yanavyoongezeka. Kwenye mita 2 huenda usione lolote. Kwenye mita 30 mtandao unakuwa wa kubahatisha.

Ukibana plagi upya, usifungue msokoto zaidi ya milimita 13 kabla ya pini, na hakikisha ganda la nje la kebo linaingia ndani ya plagi ili libanwe nalo. Plagi inayoshikilia waya nane nyembamba tu, bila ganda, haimalizi mwaka.

Kisha kwaruza waya mmoja kwa kisu. Ukiona weupe wa fedha chini ya rangi ya shaba, ni alumini iliyopakwa shaba. Kebo hizo zimejaa madukani kwa sababu ni rahisi. Ukinzani wake ni mkubwa kuliko wa shaba tupu, na alumini hukatika ikikunjwa mara kadhaa, tena inakatikia ndani huku ganda likiwa zima. Kwa umbali mfupi usioguswaguswa inavumilika. Kwa kebo ya kupita ukutani au kufika jengo la pili, nunua shaba tupu, na usivuke mita 100 kwa jumla pamoja na vipande vya ncha zote mbili.

Kwa wanaoishi Tanga, Mombasa au Unguja: hewa ya chumvi hula pini za tundu. Kama taa inawaka unapoisukuma plagi kwa kidole na kuzima unapoiachia, safisha pini kwa brashi laini na spiriti ya asilimia 90 au zaidi, mashine ikiwa imechomolewa kabisa kwenye umeme. Kwa kadi ya kuchomeka, toa kadi yenyewe, sugua kwa upole meno yake ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, yapanguse kwa spiriti, rudisha.

Mmoja kamili, mwingine nusu

Kuna kosa la zamani ambalo bado linazunguka, kwa sababu kompyuta za ofisini zilikuja na mipangilio yao ndani. Kadi inaweza kutuma na kupokea kwa wakati mmoja, hiyo ni dupleksi kamili, au kwa zamu, hiyo ni nusu dupleksi. Utaratibu wa pande mbili kukubaliana zenyewe uliwekwa kwenye kiwango cha mwaka 1995, lakini vifaa vya miaka ya mwanzo havikuelewana vizuri, na mafundi wakazoea kufunga kadi kwa mkono kwenye megabiti 100 dupleksi kamili. Mashine hiyo ukiichomeka leo kwenye swichi ya kawaida, swichi inatuma salamu na hakuna anayejibu. Kasi ya 100 inaweza kuitambua kwa kusikiliza mawimbi tu. Dupleksi haiwezi kuitambua, na kanuni inasema pasipo jibu ichukue nusu. Sasa kadi inatuma wakati wowote ipendapo, swichi inaona anayeikatiza, inatupa paketi, inasubiri, inaanza tena.

Dalili zake zinapotosha. Ping, ile amri ya kuibisha hodi mashine na kusubiri jibu, inapita vizuri sana kwa sababu ni paketi ndogo na chache. Kurasa nyepesi zinafunguka. Faili kubwa ndilo linalokufa, tena upande mmoja mbaya zaidi kuliko mwingine, na ndiyo maana nilisisitiza kipimo cha -R. Ukiona 80 upande mmoja na 3 upande wa pili, karibu hakika umelipata. Thibitisha kwa ip -s link au ethtool -S: upande uliofungwa kwenye kamili huhesabu makosa ya CRC (paketi zilizofika zimeharibika) na vipande vya paketi, upande wa nusu huhesabu migongano iliyochelewa.

Dawa ni kurudisha pande zote mbili kwenye kukubaliana zenyewe. Kwenye Windows, fungua devmgmt.msc, ingia kwenye sifa za kadi, kichupo cha mipangilio ya juu, tafuta kipengele cha kasi na dupleksi, kiweke kwenye hali ya otomatiki. Kwenye Linux:

sudo ethtool -s enp3s0 autoneg on

Usijaribu kuilazimisha kadi kwenye gigabiti kwa mkono. Gigabiti ya waya wa shaba inahitaji mazungumzo hayo, kwani ndimo pande mbili zinapoamua nani ashike saa na nani aifuate.

Ukiwa kwenye orodha hiyohiyo ya Windows, zima vipengele vya kuokoa umeme kwenye kadi za Realtek: Energy Efficient Ethernet na Green Ethernet. Vinalaza kiungo kinapokuwa kimya, na baadhi ya swichi za bei nafuu haziamki nacho vizuri, kwa hiyo mtandao unakatika sekunde mbili tatu kila baada ya muda. Kwenye Linux amri ni sudo ethtool --set-eee enp3s0 eee off.

Kadi yenyewe inapokuwa ndiyo kikwazo

Waya ni mzuri, kiungo kinasoma sawa, na bado iperf3 inatoa kidogo. Sasa tuingie ndani ya kasha.

Tujue kwanza chipu gani iko humo. Jina kwenye boksi halisaidii, soma kitambulisho. Kwenye Windows fungua sifa za kadi, kichupo cha maelezo, vitambulisho vya hadiwea. Baada ya VEN_ utaona mtengenezaji: 10EC ni Realtek, 8086 ni Intel, 14E4 ni Broadcom, 11AB ni Marvell, 10DE ni Nvidia, 1106 ni VIA, 168C ni Atheros. Baada ya DEV_ ni chipu. Kwenye Linux, lspci -nnk inaonyesha vyote viwili pamoja na dreva inayotumika, yaani programu inayoiendesha kadi.

Ukikuta 10EC na 8139, umekutana na RTL8139, kadi ya megabiti 100 ambayo ilienea dunia nzima kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko zote. Bill Paul, aliyeiandikia dreva ya FreeBSD, aliacha ndani ya kodi maelezo marefu kwamba huenda hakuna kadi ya PCI (nafasi ya zamani ya kuchomeka kadi ndani ya kompyuta) mbaya kuliko hiyo, na sababu zake ni za kihandisi. Kadi bora huziweka paketi moja kwa moja mahali mfumo unapozitaka kwenye kumbukumbu. RTL8139 inazimwaga zote mfululizo kwenye birika moja la mviringo, na prosesa ndiyo inayozichota moja moja kuzinakili kwingine kabla birika halijajaa. Upande wa kutuma ina nafasi nne tu. Megabiti 100 zikijaa, hizo ni paketi zaidi ya 8,000 kila sekunde, kila moja ikipita mikononi mwa prosesa. Kwenye Pentium III au Celeron ya zama hizo, fungua programu ya top wakati iperf3 inakimbia utazame namba ya si, yaani muda wa prosesa unaoliwa na kazi za kuhudumia paketi: ikipanda juu huku mtandao ukibaki 60 au 70, umeiona kazi hiyo kwa macho. Hakuna mpangilio wa kuiponya. Kadi ya Intel au 3Com ya umri uleule, ya megabiti 100 vilevile, itaipa prosesa nafuu kubwa.

Kadi ya gigabiti kwenye nafasi ya PCI ya kawaida ina kikwazo kingine. Njia ya PCI ya biti 32 na megahezi 33 inabeba megabaiti 133 kwa sekunde kinadharia, na hizo zinagawanywa kwa kila kilichochomekwa humo. Gigabiti upande mmoja tu inataka karibu 125. Usitegemee zaidi ya megabiti 400 hadi 700, na ukiwa na kadi ya diski kwenye njia hiyohiyo utapata chini ya hapo. Nafasi ya PCI Express ya x1, hata ya toleo la kwanza, inabeba 250 kila upande na haigawani na yeyote. Kama madabodi inayo, weka kadi hapo. Chaguo langu kwa mashine ya mezani ni kadi ya Intel yenye chipu 82574L. Dreva yake ya Linux, e1000e, imo kwenye kerneli, na inatulia.

Kwa chipu za Realtek za RTL8111 na 8168, ambazo ndizo zilizojaa kwenye madabodi tangu katikati ya miaka ya 2000, kitambulisho kimoja, 10ec:8168, kinabeba matoleo mengi tofauti. Ndiyo maana ushauri uliomponya mtu mmoja unamharibia mwingine. dmesg | grep r8169 itakutajia toleo lako hasa. Utasoma mahali pengi kwamba uondoe r8169 na kuweka r8168 ya mtengenezaji. Miaka ya nyuma huo ulikuwa ushauri mzuri. Siku hizi anza kwa kusasisha kerneli na kuweka firmwea (programu inayoendeshwa ndani ya chipu yenyewe); kwenye Debian, aina mojawapo ya Linux, pakiti ni firmware-realtek, na tangu Debian 12 diski ya kusakinishia inazibeba firmwea hizo yenyewe. Bado inasumbua? Jaribu r8168-dkms, ukijua kwamba kerneli ikibadilika dreva hiyo inajengwa upya, na ujenzi ukishindwa unaamka huna mtandao kabisa. Weka faili la kerneli ya zamani karibu.

Kwa Windows, chukua dreva kwa mtengenezaji wa kompyuta au wa chipu. Programu zinazojidai kutafuta dreva zote kwa kubofya mara moja ziache kabisa. Huleta toleo lisilo lako pamoja na takataka nyingine.

Mashine ya biti 32 ina swali lake: Debian 13, iliyotoka 2025, haitoi tena kerneli wala kisakinishi cha i386. Debian 12 ndiyo ya mwisho kwa mashine hizo.

Na kabla hujailaumu kadi kwa kurasa zisizofunguka, angalia saa. Betri ya CR2032 ikiisha, kompyuta inaamka ikiamini ni mwaka ilipotengenezwa, na kila tovuti ya https inakataliwa kwa sababu cheti chake kinaonekana hakijaanza kutumika. Ping inapita, iperf3 inatoa 94, kivinjari kinagoma. Badilisha betri, rekebisha tarehe.

Kama ni laptop

Laptop yenye tundu la megabiti 100 na USB 2.0 pekee bado inafaidika na adapta ya USB ya gigabiti, kwa mfano yenye chipu ya RTL8153 au AX88179. USB 2.0 inasema megabiti 480 lakini utapata kama 300, ambayo ni mara tatu ya ulichokuwa nacho. Angalia chipu kabla ya kulipa: adapta nyingi zinazofanana kwa sura ni za megabiti 100.

Kwa Wi-Fi, angalia kwanza usalama uliowekwa kwenye ruta. Ikiwa ni WEP au WPA yenye TKIP, ambazo ni kinga za zamani, kadi ya 802.11n inalazimika kurudi kwenye kasi za 54, na kwa vitendo unabaki na 20 na kitu. Badilisha iwe WPA2 yenye AES, na kasi inaweza kuongezeka maradufu bila kugusa bisibisi. Kama kadi yenyewe ni ya 802.11g, hakuna mpangilio utakaoivusha hapo, ibadilishe. Ila kabla hujanunua ya mini PCIe (kadi ndogo ya kuchomeka ndani ya laptop), tafuta kama BIOS, programu ya kwanza kuamka, ya laptop hiyo ina orodha ya kadi inazozikubali. ThinkPad nyingi za zamani na baadhi ya HP zinayo: ukiweka kadi isiyo kwenye orodha, ThinkPad inasimama na kosa 1802 kabla hata ya kuwasha mfumo. Nunua kadi yenye namba ya kipuri iliyoorodheshwa kwa modeli hiyo, au tumia adapta ya USB.

Kwa kompyuta ya mezani yenye kasha jembamba, pima mabano. Kadi nyingi huja na bamba refu la chuma lenye sentimita 12, na kasha hilo linataka fupi la sentimita 8. Muuzaji akiwa na bamba fupi, litie mfukoni palepale pamoja na skrubu zake mbili, maana kulipata peke yake baadaye ni kazi.